Cardini na karata zake

Richard Pitchford alizaliwa mwaka 1895 ku Mumbles, mu inchi ya Wales. Mu vita ya 1914-1918 alikuwa askari mu mitaro. Juu ya baridi kali, alizoeza vidole kucheza karata pamoja na glavu. Kisha akajiita Cardini, akavuka mpaka Marekani. Jukwaani alijifanya bwana mulevi anayeshangaa kuona karata zinatoka mu mikono yake. Alikufa mwaka 1973.

Mu kazi ile, karata ikishika jasho inanatana. Kona ikikunjika, watu wanaitambua. Ni kuibadilisha mbele ya kusimama jukwaani. Karata mbaya inapoteza paka makofi. Kwetu sisi wa mugodi, kasiki iliyopasuka inaondoa mutu. Wandugu, tuidai mupya mbele ya kushuka.