Darwin: Msomi aliyelilia ladha ya muziki iliyomtoka

MNAMO Juni 1868, Charles Darwin alimwandikia rafiki yake wa miaka mingi, mtaalamu wa mimea Joseph Hooker, barua iliyojaa majonzi. Hooker alikuwa ametoka kusikiliza Messiah, utunzi mashuhuri wa Handel, naye Darwin akamweleza kwamba hiyo ndiyo kazi ya muziki aliyotamani kuisikia tena. Hata hivyo, alihofia kuwa nafsi yake ilikuwa imekauka mno kuweza kuionja kama zamani. Alijifananisha na jani lililonyauka kwa kila jambo isipokuwa sayansi, na akakiri kwamba wakati mwingine hali hiyo ilimfanya aichukie sayansi yenyewe.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 59. Kitabu chake kuhusu asili ya spishi, kilichotoka Novemba 24, 1859, kilikuwa kimelifikisha jina lake kila pembe ya dunia. Wengi wamekutana na jina hilo katika vitabu vya biolojia na katika mabishano baina ya wanasayansi na viongozi wa dini. Wachache wanafahamu kwamba mtu huyo alitumia sehemu ya uzee wake akijiuliza ni kitu gani kilichomnyang'anya furaha ya ujana wake.

Darwin alizaliwa Februari 12, 1809 mjini Shrewsbury, Uingereza. Mamaye alifariki mwaka 1817, na baba yake, daktari aliyeheshimika, alimpeleka Edinburgh mwaka 1825 ili asomee udaktari. Kijana hakustahimili kuona wagonjwa wakipasuliwa, enzi ambazo hakukuwa na dawa za kuwalaza usingizi. Mwanzoni mwa 1828 alihamia Christ's College, Cambridge, kwa matarajio ya kuwa kasisi.

Huko Cambridge alikusanya mbawakawa, akawinda ndege, akala na kunywa na marafiki. Aidha, kupitia kwa rafiki yake John Herbert, aliingia katika kundi la vijana waliohusudu muziki. Siku za kazi alipanga matembezi yake ili yaangukie saa ambapo kwaya iliimba katika kanisa la King's College. Muziki huo ulimpa raha iliyomsisimua hadi uti wa mgongo. Hakuwa anaiga wenzake wala kujionyesha, kwani mara nyingi alikwenda peke yake. Kuna nyakati alizowalipa wavulana wa kwaya hiyo waje kumwimbia chumbani mwake. Mwaka 1829 alihudhuria tamasha kubwa la muziki mjini Birmingham na kumsikia Maria Malibran, mwimbaji aliyetikisa Ulaya ya siku hizo, akarudi akiwa amepagawa.

Ajabu ni kwamba kijana huyu hakuwa na sikio la muziki hata kidogo. Hakuweza kutambua sauti zilizokosana, hakuweza kufuata mapigo, na hata kuvumisha wimbo mmoja kwa usahihi kulimshinda. Wenzake waligundua kasoro hiyo mapema na kuifanya burudani. Walimtahini kwa kumpigia nyimbo zilizojulikana na kila mtu, lakini kwa mwendo wa kasi au wa polepole kuliko kawaida, kisha wakamtaka azitaje. Wimbo wa taifa wa Uingereza, uliopigwa kila mahali, ukawa fumbo lisilofumbulika kwake. Kulikuwa na mwanafunzi mwingine mwenye sikio bovu karibu sawa na lake, ambaye hata hivyo alipiga filimbi kidogo. Siku moja Darwin alimshinda katika mtihani huo, na ushindi huo aliukumbuka hadi uzeeni.

Ni vyema kulizingatia jambo hili. Mtu asiyeweza kutofautisha wimbo na wimbo alikuwa akitetemeka kwa raha ndani ya kanisa. Yeye mwenyewe alikiri kwamba hakuelewa raha hiyo ilimfikiaje.

Kati ya Desemba 1831 na Oktoba 1836 alizunguka dunia kwa meli ya Beagle. Katika safari za nchi kavu, alipolazimika kubeba kitabu kimoja tu, mara zote alichagua mashairi ya Milton. Aliporejea alikuwa mwanasayansi, na habari za ukasisi zikafa kifo cha kawaida.

Januari 29, 1839 alimwoa Emma Wedgwood, binti ya mjomba wake. Emma alikuwa mpigaji piano hodari, na baba yake aliwazawadia piano ya Broadwood. Mwaka 1842 walihamia kijiji cha Down katika jimbo la Kent, ambako waliishi hadi mwisho wa maisha ya Darwin. Walipata watoto kumi, watatu wakafariki wakiwa wadogo. Kifo cha Annie, aliyekuwa na umri wa miaka kumi, mwaka 1851, kiliacha jeraha ambalo baba yake hakulipona kamwe.

Maisha ya Down yaliendeshwa kwa saa. Darwin aliugua mara kwa mara kwa kutapika, kuishiwa nguvu na maumivu ya kichwa, na mikutano ya watu wengi ilimchosha. Hivyo kazi ikagawanywa katika vipindi vifupi asubuhi, matembezi yakafuata, kisha barua, kisha mapumziko. Baada ya chakula cha jioni alicheza na mkewe michezo miwili ya dadu na kete. Hesabu ya ushindi iliandikwa kwa uaminifu: kufikia mapema 1876 yeye alikuwa ameshinda mara 2,795 na Emma mara 2,490. Baadaye alijilaza kwenye kochi huku Emma akimsomea riwaya au kumpigia piano.

Kutoka 1846 hadi 1854 alishughulika na jamii moja tu ya viumbe vidogo vya baharini, vile vinavyong'ang'ania miamba na mbao za meli. Alivipasua kimoja baada ya kingine chini ya hadubini kwa miaka minane. Ndiyo kazi iliyompa mamlaka ya kuzungumzia spishi. Huenda pia ndiyo iliyomzoeza kuona kila kitu kama ushahidi.

Muziki nao haukusalimika. Katika kitabu chake cha 1871 kuhusu asili ya binadamu, alitoa hoja kwamba mababu wa kale wa wanadamu walitumia sauti za kimuziki kuvutana kimapenzi kabla ya kumiliki lugha, na kwamba ndiyo maana nyimbo huamsha ndani yetu hisia nzito tusizoweza kuzieleza. Ni hoja inayojadiliwa na wataalamu hata leo. Inashangaza kuona ikitoka kwa mtu aliyeanguka mtihani wa wimbo wa taifa, na ambaye miaka mitatu awali alikuwa amelalamika kwamba muziki haumgusi tena.

Mwaka 1876 alianza kuwaandikia watoto wake habari za maisha yake, bila nia ya kuzichapisha. Humo alirejelea jambo alilomdokezea Hooker. Hadi umri wa miaka 30 au zaidi, alisema, mashairi yalimpa raha kubwa, na picha na muziki vilimfurahisha. Sasa hakuweza kuvumilia mstari mmoja wa shairi. Alijaribu kumsoma Shakespeare akachefuka. Badala ya kumliwaza, muziki ulimfanya aifikirie kwa nguvu zaidi kazi aliyokuwa akiifanya. Kilichosalia ni riwaya nyepesi, hasa zile zenye mwisho mwema na mwanamke mrembo ndani yake. Aliona akili yake imegeuka kinu cha kusaga marundo ya ukweli na kutoa kanuni. Kama angepewa maisha mengine, angejiwekea sharti la kusoma mashairi na kusikiliza muziki angalau mara moja kwa wiki. Kwake hasara hiyo ilikuwa ni kupotewa na furaha, na alihofia kuwa ilidhuru akili, na zaidi ya hapo, utu wa mtu.

Maungamo hayo yalipochapishwa mwaka 1887 yakawa mfano wa kuogofya wa jinsi sayansi inavyokausha moyo. Lakini aliyeyachapisha, mwanawe Francis, aliweka katika kitabu hicho hicho kumbukumbu zinazopingana nayo. Kwa mujibu wa Francis, baba yake aliendelea kupenda sehemu za simfoni za Beethoven na vipande vya Handel. Nyimbo za huzuni zilizoimbwa vizuri zilimkaribisha kwenye machozi. Kwa kuwa sikio lake lilikuwa lile lile la Cambridge, alisifu kipande alichokipenda kila kilipopigwa, kisha akauliza kinaitwaje, ingawa alikuwa amekisikia mara nyingi.

Yupi tumwamini, baba au mwana? Yaelekea wote wawili. Kijana wa Cambridge aliufuata muziki kwa miguu yake na kwa pesa zake. Mzee wa Down alisubiri muziki umjie kwenye kochi, na ulipomjia ulimkuta na barua, mimea na mahesabu kichwani. Uwezo wa kuguswa haukufa. Kilichokufa ni ile hamu ya kuutafuta.

Hata piano ya Emma iliingizwa katika utafiti. Alipochunguza nyungunyungu, Darwin alitaka kujua kama wanasikia. Walipigiwa kipenga, Francis akawapulizia zumari kubwa la basuni, wakapigiwa kelele, wasijali. Vyungu vyao vilipowekwa juu ya piano na noti moja nzito ikabonyezwa, walijitoma mashimoni mara moja. Alihitimisha kuwa hawana masikio bali huhisi mtetemo. Kitabu hicho kilitoka Oktoba 1881.

Miezi michache kabla yake, Juni 1881, Hans Richter, kiongozi wa okestra aliyekuwa maarufu kwa kuongoza kazi za Wagner, alizuru Down na kuketi kwenye piano. Darwin, akiwa na miaka 72, alisisimkwa waziwazi na upigaji wake.

Alifariki Aprili 19, 1882 na kuzikwa Westminster Abbey wiki moja baadaye. Emma aliishi hadi 1896. Wakati fulani Darwin alikuwa ameandika orodha fupi ya vipande alivyovipenda miongoni mwa vile ambavyo mkewe alimpigia jioni, na kando ya kila kimoja akaeleza kwa maneno machache namna kilivyomgusa. Familia iliyotunza maelfu ya barua zake, na hata hesabu za dadu, ilikuja kuitafuta orodha hiyo isiione.