Muuza mboga aliyechoma lulu

Mwaka wa 1932, mjini Kobe, Japani, mzee mmoja alisimama hadharani akitupa lulu motoni. Lulu zake mwenyewe, wasee.

Huyo ni Kokichi Mikimoto, mzaliwa wa Toba, 1858. Babake aliuza tambi. Kijana akaacha shule mapema akachuuza mboga (sisi tulioacha chuo tunamwelewa). Baadaye akaingia biashara ya lulu, akaona chaza wanamalizwa baharini. Akaamua atazikuza mwenyewe.

Kumbe ni kazi! Unamfungua chaza kidogo tu, unamtia kipande cha gamba, unamrudisha majini. Yeye anakifunika polepole, tabaka juu ya tabaka, kwa miaka. Mwaka wa 1892 maji yaligeuka mekundu, chaza wakafa kwa wingi. Jamaa alikuwa amebaki na madeni. Julai 1893, yeye na mkewe Ume wakapata lulu ya kwanza, tena nusu duara tu. Ume alifariki 1896, duka la Ginza likafunguliwa 1899. Hakuliona.

Sasa, mbona achome? Lulu hupimwa kwanza kwa mng'ao: ukiangalia iliyo poa, unaona sura yako. Ikitolewa mapema, tabaka ni jembamba, inafifia kama chaki. Halafu ndiyo uangalie madoa, umbo, rangi na saizi. Wafugaji wenye pupa walikuwa wanajaza soko kwa lulu hafifu, na Ulaya tayari kulikuwa na waliodai lulu za kukuzwa ni feki. Hafifu ndizo alizochoma, ingawa wateja wengi hawangejua tofauti.

Alifariki 1954, akiwa na miaka 96.