Mtu Aliyelinasa Joto la Jua

Mtu apandaye milima ya Uluguru kutoka mji wa Morogoro huona baridi ikizidi kadiri apandavyo, ingawa jua ni lile lile. Kwa nini? Swali la namna hii lilimsumbua Horace-Bénédict de Saussure, aliyezaliwa karibu na mji wa Geneva, huko Ulaya, mwaka 1740.

Alipokuwa na umri wa miaka 22 alifanywa mwalimu wa chuo cha mji huo, lakini hakuridhika na elimu ya vitabuni tu. Mara kwa mara alikwenda milimani kupima hewa, mawe na joto. Mwaka 1787 alifika kilele cha Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya Alps.

Mwaka 1767 alianza kutengeneza masanduku ya kunasa joto la jua. Moja lilikuwa la mbao, ndani limetandikwa magome meusi, na juu limefunikwa kwa vioo vitatu. Mwanga ulipita katika vioo, ukageuka joto ndani, na joto likakosa njia ya kutoka, hata likapita lile la maji yachemkayo. Akachukua sanduku mlimani. Hewa ya huko ilikuwa baridi, lakini ndani ya sanduku joto lilikaribia kuwa sawa na la bondeni. Ndipo akafahamu ya kuwa jua la mlimani si dhaifu, ila hewa ya huko ni nyepesi, haiwezi kulishika joto.

Siku zake za mwisho zilikuwa za taabu. Machafuko ya Ufaransa yalimpotezea mali nyingi, na mwili wake ukapooza. Akafa mwaka 1799. Lakini kazi yake haikufa. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Marekani alitia mapipa meusi ya maji katika sanduku la namna hiyo, na watu wakaoga maji ya moto pasipo kuwasha moto. Leo vyombo vya jinsi hii vimo juu ya mapaa mengi duniani, navyo hupunguza matumizi ya kuni na umeme.

Kwetu jambo hili si dogo. Misitu ya Uluguru huzilinda chemchemi za mto Ruvu, ambao watu wa Dar es Salaam hunywa maji yake. Kuni zikipungua jikoni, miti husalia mlimani. Basi, watoto, jua ambalo Mungu hutuangazia kila siku halina bei. Kazi yetu ni kujifunza kulipokea.