Louis Braille na Macho ya Watoto Wetu

Mwezi huu twawaletea wasomaji wetu habari za mtu ambaye jina lake limeenea katika nchi nyingi, ingawa wengi wanaolitaja hawajui mwanzo wa habari zake. Mtu huyu ni Louis Braille, Mfaransa aliyetengeneza maandishi yasomwayo kwa vidole, ambayo sisi twayaita nukta nundu. Twaisifu kazi yake, na ni haki kuisifu. Lakini kazi hiyo ilianza kwa jeraha la jicho la mtoto mdogo, na jeraha la namna hiyo laweza kutokea leo katika nyumba yo yote hapa Ifakara, au katika kijiji cho chote cha bonde la Kilombero.

Louis alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, upande wa mashariki wa mji wa Paris. Alikuwa wa mwisho kati ya watoto wanne. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, akitengeneza matandiko ya farasi. Mtoto alipenda kucheza katika karakana, akimwiga baba yake kama watoto wote wafanyavyo. Siku moja, alipokuwa na umri wa miaka mitatu, alishika chombo chenye ncha kali, akajaribu kutoboa ngozi kama alivyoona. Chombo kikateleza, kikamchoma jicho.

Wazazi wake hawakuwa wazembe. Walimpenda mtoto wao, wakamtafutia dawa kwa kadiri ya maarifa ya zamani zile. Lakini zamani zile watu hawakujua ya kuwa vijidudu huleta usaha katika jeraha, wala dawa ya kuviua haikuwako. Jicho likavimba na kuharibika. Kisha ugonjwa ukaliingia na la pili, lililokuwa zima. Alipotimiza miaka mitano, Louis hakuona tena kitu.

Hata hivyo hawakumficha ndani. Padre wa kijiji akamfundisha, na mwalimu akampokea darasani pamoja na watoto waonao. Katika mwaka 1819, naye ana miaka kumi, akapelekwa Paris kwenye shule ya vipofu iliyoanzishwa na Valentin Haüy mwaka 1785. Vitabu vya shule ile vilikuwa na herufi kubwa zilizoinuka juu ya karatasi. Vilikuwa vichache na vizito, na kuvisoma kulikuwa kazi ya kuchosha. Mwaka 1821 wanafunzi wakaonyeshwa maandishi ya nukta ya askari mmoja, Charles Barbier, lakini alama zake zilikuwa na nukta hata kumi na mbili, nyingi mno kwa ncha ya kidole. Louis akayafanyia kazi usiku na mchana, akayapunguza hata zikabaki nukta sita tu. Alipofika mwaka 1824, umri wake miaka kumi na mitano, kazi ilikuwa karibu kutimia. Na mwaka 1829 maandishi yake yakatolewa katika kitabu.

Baadaye akawa mwalimu wa shule ile ile, tena mpiga kinanda kanisani. Lakini maandishi yake hayakupokewa upesi na wakubwa wa shule, ingawa wanafunzi waliyapenda. Akafa kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka arobaini na mitatu. Shule yake ikayakubali rasmi miaka miwili baada ya kufa kwake. Mwaka 1952 mifupa yake ikahamishiwa Panthéon, mahali Wafaransa wanapowazika watu wao wakuu. Na hapa kwetu watoto wasioona wamesoma kwa nukta zake katika shule za Buigiri, karibu na Dodoma, na Irente huko Lushoto.

Basi, ndugu, yatupasa kumheshimu mtu huyu kwa njia mbili. Ya kwanza, tusimfiche mtoto asiyeona, bali tumpeleke shuleni kama alivyopelekwa yeye. Ya pili, tusikubali mtoto apoteze macho yawezayo kuponywa. Wazazi wa Louis walikosa maarifa na dawa; sisi tukikawia, tutajitetea kwa neno gani?

Mtoto akichomwa jicho kwa mwiba, kijiti, mundu au jani la muwa, asingojee kesho. Tusilisugue wala kulikandamiza, wala tusijaribu kung'oa kitu kilichochoma. Tulikinge kwa kitu safi kisichogusa jicho, tukampeleke hospitali siku ile ile. Madaktari wajua ya kuwa jeraha la jicho moja, mara chache, laweza kulidhuru na la pili: nguvu za mwili zilizowekwa kupigana na ugonjwa hugeuka na kulishambulia jicho zima. Ikiwa ni dawa ya shamba au chokaa iliyoingia, tulioshe jicho papo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, ndipo twende.

Tena ziko dalili zisizo na jeraha. Mtoto mchanga mwenye usaha machoni apelekwe siku ile ile. Mboni ikionekana nyeupe, yaweza kuwa mtoto wa jicho, au uvimbe wa saratani unaoua; usingoje akue. Mtoto mwenye makengeza, au ajikwaaye jioni wenzake waonapo, apimwe. Kutoona jioni mara nyingi ni upungufu wa vitamini A, na ugonjwa wa surua huuzidisha upesi. Kwa hiyo mtoto apate chanjo ya surua, na matone ya vitamini A tangu miezi sita hata miaka mitano. Maji ya majani, mkojo, hata maziwa ya mama, visitiwe machoni kamwe, maana huingiza vijidudu.

Twajua ya kuwa masika maji hujaa bondeni, na njia za vijiji hukatika. Hiyo ndiyo sababu ya kuondoka mapema, si sababu ya kungoja. Siku hizi daraja limeunganisha Ulanga na Ifakara, ambako kuna Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Na aliye mbali aanzie zahanati iliyo karibu, aelekezwe.

Nanyi waalimu wa dini, mnaoingia katika nyumba nyingi, watazameni watoto machoni mnapowasalimu. Mkiona jicho lililo jekundu au mboni yenye weupe, msipite kimya. Mwambieni mzazi siku ile ile, na asiye na nauli, usharika umchangie.