SITI BINTI SAAD: JINA LAKUMBUKWA, SANTURI ZIMESAHAULIWA

Jina la Siti binti Saad si geni kwa mtu aliyepita shuleni katika nchi yetu. Marehemu Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na chama cha waandishi wa habari wanawake, TAMWA, kilichoundwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Lakini tukiwauliza vijana kumi wanaolijua jina hilo ni nani kati yao aliyekaa akaisikiliza santuri yake moja tangu mwanzo hadi mwisho, twachelea kuwa mikono itakayoinuka itakuwa haba. Twataka kulisema jambo hili leo, sisi tuandikao kutoka Balangdalalu, wilayani Hanang, mbali na bahari na mbali na Unguja, kwa sababu twazipenda santuri hizo.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, wote wawili watu waliotiwa katika utumwa, na mtoto akapewa jina la Mtumwa. Hakupata chuo wala shule. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa akichukua vyungu kutoka shamba kwenda kuviuza mjini, akipaza sauti njiani kuwaita wanunuzi. Aliolewa, akazaa, akaachwa. Utumwa ulikwisha katika sheria ya Unguja mwaka 1897, lakini haukuwa umekwisha katika macho ya watu. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akajifunza kuimba kwa mafundi wa muziki.

Yafaa tukumbuke taarabu ilikuwaje zamani zile. Iliingizwa katika jumba la kifalme zama za Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, na ikaimbwa kwa Kiarabu. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa ya wanaume. Mwanamke wa shamba, mzaliwa wa watumwa, aliimba taarabu kwa Kiswahili pamoja na akina Maalim Shaaban, Mbaruku, Subeti na Buda Swedi, na watu wa Ng'ambo wakafurika kumsikiliza. Wapo waliomcheka kwa asili yake na kwa sura yake. Yeye aliwajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa mtu ni tabia na akili. Kwa heshima watu wakaliacha jina la Mtumwa, wakamwita Siti.

Mwezi wa Machi 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, Bara Hindi, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya HMV. Hesabu ya santuri zao zilizouzwa katika Afrika ya Mashariki hadi mwaka 1931 yatajwa kuwa zaidi ya 70,000. Ilikuwa ajabu kubwa, maana Kiswahili kilikuwa kimesikika katika gramafoni kwa kinywa cha mtu ambaye mwenyewe hakujua kusoma. Wenye gramafoni waliweka santuri, na majirani wakakusanyika kibarazani.

Wimbo unaotajwa mara nyingi katika vitabu ni Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka bara alifika Unguja, akachukuliwa katika starehe ya usiku, akauawa na mtu mwenye jina hilo. Mwuaji alivuka bahari akatoroka. Wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa na mahakama ya kikoloni. Siti aliliimba jambo hilo waziwazi, akawataja wahusika. Wimbo mwingine wahusu karani aliyewadhulumu wasiojua kusoma, na mwisho akaingia gerezani. Magazeti ya siku zile hayakuwa ya wachukuzi na wafinyanzi. Santuri ndiyo iliyokuwa gazeti lao.

Lakini zipo nyingine nyingi, za mapenzi, za huzuni na za mzaha, ambazo hakuna azitajaye. Hizo ndizo tunazozipenda kupita zote. Kila upande wa santuri wachukua dakika tatu hivi, nayo sauti yatoka katikati ya mikwaruzo kama mtu asemaye huku mvua ikinyesha juu ya bati. Asikilizaye mara ya kwanza huchoka upesi. Asikilizaye mara ya tatu husikia pumzi ya mwimbaji, udi ukimfuata, na wanaume wakiitikia. Humo yumo mtu mwenyewe, si sanamu yake.

Zimesahauliwa kwa sababu gani? Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliiharibu biashara ya santuri. Tena santuri za zama zile zilikuwa za kuvunjika kama sahani, zikianguka, zimekwisha. Baadaye zikaja bendi zenye vipaza sauti, na masikio yakazoea mengine. Siti akafariki tarehe 8 Julai 1950, akiwa amemfunza njia binti mwingine wa Unguja, Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013.

Huku kwetu Wadatoga humjengea mzee mwenye heshima kaburi la kichuguu liitwalo bung'eda. Koo hukusanyika, na kazi huendelea kwa miezi mingi huku nyimbo zikiimbwa. Hawatosheki kulitaja jina lake. Huitoa nguvu yao na wakati wao. Twaona Siti naye anastahili kazi ya namna hiyo. Wenye santuri zake masandukuni wazitoe zinakiliwe kabla hazijavunjika. Redio zituchezee nyimbo zake nzima, si vipande vya kufungulia kipindi. Walimu wawasikilizishe wanafunzi wanaomsoma Shaaban Robert sauti ya huyo wanayemsoma. Nasi wafanyakazi, jioni tukipumzika, tusikilize walau moja ambayo hatukupata kuisikia. Mwanamke huyu alifanya kazi kwa udongo na kwa sauti. Vyungu vyake vyote vimevunjika. Sauti bado ipo.