Jemadari von Lettow-Vorbeck na Mazishi Yake

Napenda kuwasimulia habari za jemadari mmoja Mjerumani aliyepigana katika nchi yetu, na jinsi alivyozikwa. Jina lake Paul von Lettow-Vorbeck.

Alizaliwa tarehe 20 Machi, 1870, katika mji wa Saarlouis. Baba yake naye alikuwa afisa wa jeshi. Alipigana China, kisha Afrika ya Kusini-Magharibi, yaani Namibia ya leo, ambako Wajerumani waliwaangamiza Waherero na Wanama. Huko aliumia jicho. Januari 1914 aliwasili Dar es Salaam kuongoza majeshi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, aliwashinda Waingereza huko Tanga, Novemba 1914. Wao walikuwa kama 8,000, naye alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Baada ya hapo alipigana kwa kushambulia na kuondoka, kusudi Waingereza washughulike huku wasipeleke majeshi Ulaya. Novemba 1917 alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji, na mwaka uliofuata akafika Rhodesia ya Kaskazini. Aliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba, 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa bado na askari Waafrika zaidi ya 1,100.

Kwao alipokewa kwa shangwe, ingawa mwaka 1920 alijiunga na watu waliojaribu kuipindua serikali. Mwaka 1953 alirudi Dar es Salaam kutembea, na askari wake wa zamani wakaja kumlaki. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi, 1964, akikaribia miaka 94, akazikwa Pronstorf.

Serikali ya Ujerumani Magharibi iliwaleta kwa ndege askari wazee wawili kutoka Afrika wahudhurie mazishi hayo. Waziri wa Ulinzi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Gare, Usambara, alimsifu marehemu kuwa hakushindwa vitani. Mwaka huo huo Bunge lao lilikubali askari wazee waliobaki walipwe mishahara waliyoidai tangu vita.

Mimi sikatai ushujaa wake. Lakini naona sifa zile zilikuwa nusu ya habari. Jeshi lake halikuwa na magari ya kutosha. Mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi, na chakula kilichukuliwa katika ghala za wakulima. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo. Ugogo ikaingia katika njaa kali ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo wenyewe waliiita Mtunya. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa homa, kuhara na uchovu. Hao hawakupata jeneza wala hotuba. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, na wengi wetu hununua nguo pale bila kujua. Kweli, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi.

Basi, wenzangu, tukifunga shule, tuwaulize wazee ni nani katika ukoo aliyebeba mizigo ile, tuandike majina yao. Askari asifiwe kaburini, ni haki yake; lakini na aliyembebea risasi naye ahesabiwe.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne