Ayubu na Rafiki Zake Watatu

Katika toleo hili tunaangalia maisha ya Ayubu, mtu wa nchi ya Usi.

Alikuwa na kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500. Watoto wake walikuwa kumi, saba wa kiume na watatu wa kike. Vyote viliondoka kwa siku moja. Waseba waliteka ng'ombe na punda, moto ukateketeza kondoo, Wakaldayo wakachukua ngamia, na upepo mkali wa jangwani ukaiangusha nyumba ambamo wanawe walikuwa wakila, wakafa wote. Kisha mwili wake ukajaa majipu tangu nyayo hata utosi, akaketi majivuni akijikuna kwa kigae.

Hayo tunayajua tangu shule ya Jumapili. Leo tukae zaidi na rafiki zake.

Elifazi, Bildadi na Sofari walitoka kila mtu kwao, wakapatana kwenda kumlilia pamoja. Walilia kwa sauti, wakararua mavazi, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hilo tusiwanyime. Wanaokaa matangani siku saba bila kumchosha mfiwa kwa maneno si wengi.

Shida ilianza Ayubu alipoilaani siku aliyozaliwa. Wenzake waliamini kwamba Mungu ni wa haki, kwa hiyo anayeteswa lazima ametenda dhambi. Elifazi alianza kwa upole. Bildadi alimdokezea baba aliyefiwa kwamba huenda watoto wake walilipwa makosa yao. Sofari akaongeza kwamba Ayubu ameadhibiwa pungufu ya anavyostahili.

Ayubu alipozidi kukataa, yule Elifazi mpole akafika mahali pa kumtungia makosa: kwamba aliwavua maskini nguo zao, alimnyima maji mtu aliyechoka, aliwafukuza wajane mikono mitupu. Ushahidi hakuwa nao. Aliyahitaji makosa hayo ili mafundisho yake yasimame. Sisi tuliokimbia vita tunayajua maneno ya namna hiyo, tulipoulizwa tumemkosea Mungu nini hata kwetu kukawa vile.

Ayubu aliwafananisha na vijito ambavyo msafara unavitegemea, lakini wakati wa joto unavikuta vimekauka. Hata hivyo alikiri kwamba kama wangebadilishana nafasi, yeye naye angeweza kusema kama wao.

Mwishowe Mungu alinena kutoka katika upepo wa kisulisuli. Sababu ya mateso hakumweleza Ayubu. Lakini hasira yake iliwaka juu ya Elifazi na wenzake wawili, kwa kuwa hawakusema yaliyo sawa juu yake kama Ayubu. Aliwaagiza waende na ng'ombe waume saba na kondoo waume saba kwa mtu yule yule waliyemwita mwovu, naye awaombee. Ayubu akawaombea, na hapo hali yake ikageuzwa.

Ndugu na jamaa wa zamani nao wakaja kula naye na kumfariji, kila mmoja na kipande cha fedha na pete ya dhahabu. (Alipokuwa majivuni hawakuonekana.) Kondoo wakawa 14,000, ngamia 6,000. Watoto waliozaliwa walikuwa kumi tena, si ishirini. Baada ya hayo Ayubu aliishi miaka 140.